Anko, Sikiliza Hii

Kuna ujumbe wa aina tatu ambao nikiuona kwenye simu usiku hujifanya nimelala. Wa kwanza ni kadi ya mchango wa harusi. Wa pili ni wa yule ndugu anayeanza na "Habari za siku nyingi". Wa tatu, na huu ndio mbaya kuliko yote, ni wa mpwa wangu: "Anko, sikiliza hii."

Mchango wa harusi una staha yake. Unatoa, unaandikwa kwenye daftari, mnaachana. Wimbo hauna kumalizana. Ukishausikiliza lazima useme umeuonaje, na ukisema "mzuri" unaulizwa mzuri vipi, umefika ile sehemu ya dakika ya nne? Mimi nina miaka 56. Ikifika dakika ya nne huwa nimeshasahau niliufungua kwa nini.

Mpwa wangu huyu ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Alikwenda Berlin kusomea uhandisi wa maji, na ukoo mzima ulichanga tiketi kwa matumaini kwamba atarudi kutuondolea adha ya mabomba. Huu ni mwaka wa tatu. Kuhusu maji sijapata neno. Kuhusu muziki napata linki nne kwa siku, Ijumaa tano, zote za watu wasiojulikana, na kutojulikana kwao ndiyo sifa yao kubwa. "Anko, huyu ana wasikilizaji mia mbili tu dunia nzima!" Anasema hivyo kwa sauti ya mtu aliyepata kiwanja Masaki kwa bei ya Chanika. Mimi huwaza kimoyomoyo kwamba dunia nzima ikinyamaza, huenda ina sababu zake.

Ugonjwa wake nimeuchunguza. Yeye hatutumii muziki ili tufurahi. Anatuma ili saa ibaki. Simu inaandika yenyewe: saa 5:42 usiku, tarehe fulani. Miezi sita baadaye wimbo ukianza kupigwa kwenye bajaji, mpwa atapanda juu kwenye kundi la ukoo, juu kabisa, apite picha za arobaini ya shangazi na matangazo ya vikao, aufukue ujumbe wake wa zamani na kutubandikia upya: "Si niliwaambia?" Ule ni muhuri wa posta. Wimbo wenyewe ni bahasha tu.

Nitaanza na kisa cha friji.

Ilikuwa Jumapili, nimetulia na chai yangu ya tangawizi. Linki ikaingia. "Anko, huyu ni Mkenya, vaa hedifoni." Nikavaa za binti yangu wa mwisho, zile kubwa za rangi ya waridi. Nikabonyeza. Nikasikia ngurumo ya chini, mmmmmm, bila ngoma, bila gitaa, bila binadamu. Nikavua hedifoni nikasikiliza: friji. Nikavaa tena: mmmmmm. Nikaenda jikoni nikachomoa friji, nikarudi, nikavaa. Bado mmmmmm. Hapo ndipo nilipotambua kwamba friji imo ndani ya wimbo.

Mama watoto akaja kuuliza nani kazima friji na samaki wa kesho wamo ndani. Nikamwambia nasikiliza muziki. Akachukua hedifoni, akaweka sikio moja, akatulia kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto, kisha akanirudishia. "Mwambie mwanao gesi inavuja."

Baadaye nikafanya utafiti wangu. Msanii anaitwa KMRU, albamu ni Peel, ilitoka mwaka 2020, na kazi yake ni kurekodi sauti za mahali, mtaa, upepo, chumba kitupu, kisha kuzinyoosha kwenye kompyuta mpaka zinakuwa kama moshi. Nilikuwa nimeshaandaa matusi ya adabu ya kumtumia mpwa, nikasoma jina lake halisi: Joseph Kamaru. Nikasimama. Joseph Kamaru namjua! Nyimbo zake za Kikuyu nilizisikia Arusha nikiwa kijana, kwenye maduka ya spea, sikuelewa hata neno moja na nilitikisa kichwa kama mwenyeji wa Murang'a. Kumbe yule ni babu, alifariki mwaka 2018, na huyu wa moshi ni mjukuu aliyerithi jina. Tena mjukuu ndiye anayezitoa upya rekodi za babu yake kwenye intaneti, moja moja, zisipotee. Kijana wa hivyo utamtukana vipi? Nikajaribu tena usiku mmoja umeme ulipokatika, friji yangu kimya na mtaa kimya, na ile mmmmmm ikawa kama mvua iliyo mbali, juu ya bati la watu wengine. Sikulala. Lakini pia sikukasirika, na kwa umri wangu hilo ni jambo la kuandikwa.

Kwa mpwa sikukiri. Nilimjibu: "Nimesikia."

Akasema huyo ni "indi". Nikamuuliza indi ni kabila la wapi. Akanieleza kwa upole, kama unavyomweleza mzee namna ya kuvuka barabara, kwamba ni wasanii wanaojitegemea, hawana kampuni kubwa nyuma yao. Kujitegemea! Kwa neno hilo, mtoto wa dada, hunitambii. Mimi nimesoma shule ya msingi wakati wa Elimu ya Kujitegemea, ile aliyoiandika Mwalimu mwaka 1967, na maana yake ninayo kwenye viganja: jembe, shamba la mahindi la shule, na mahindi yenyewe mnayapungia mkono yakiondoka na lori. Kwa kipimo hicho hawa vijana ni wenzetu kabisa. Wanalima wenyewe, wanapalilia wenyewe. Lori ndilo wanalojaribu kulikwepa. Wana soko lao, Bandcamp, lililoanza mwaka 2008, ambapo msanii anauza mwenyewe na soko linakata ushuru wake. Korona ilipofunga kumbi, tarehe 20 Machi 2020, soko likasamehe ushuru wake kwa siku nzima ili pesa zaidi imfikie msanii, na desturi hiyo imerudiwa Ijumaa nyingi tangu hapo. Ndiyo siri ya zile linki tano.

Nilijaribu kununua wimbo mmoja, nisionekane mchoyo. Kadi ikakataliwa. Nikaenda benki, nikapanga foleni, dada wa dirishani akaniuliza nilikuwa nanunua nini. Nikasema muziki. Akanitazama, akaitazama kadi, akanitazama tena. "Kwani baba nyumbani hamna redio?"

Redio ninayo, na hapa sina budi kutubu kidogo, maana nikimsema sana mpwa wangu mtadhani ukoo huu ugonjwa umeingia na yeye. Mwaka 1985 nilikuwa bweni, na redio ya Bara ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Wimbo ukiupenda ulikuwa unauvizia na kanda yako, kidole kwenye kitufe, na mtangazaji naye alikuwa anakuvizia wewe: gitaa likifika patamu tu, anaingia kutaja saa. Kwenye kanda zangu zote za ujana najua ilikuwa saa ngapi. Bweni letu lilikuwa na kijana mmoja aliyepata kanda za muziki wa Zaire kutoka kwa kaka yake aliyefanya kazi bandari ya Kigoma. Kanda nzuri kuliko zote mkoani. Alichukua wembe akakwangua maandishi ya kila kanda, mbele na nyuma. Ukimuuliza bendi gani hii, anajibu: "Ipo." Tulimchukia kwa moyo mmoja. Na kila mmoja wetu alikuwa anaomba Mungu ampe kaka Kigoma na wembe.

Halafu kuna Machi 2010. Nairobi kulikuwa na kundi la vijana, Just a Band, muziki wao wa sinti na kompyuta, na walitoa video ya wimbo uitwao Ha-He yenye shujaa mmoja wa afro na kitambaa kichwani, Makmende. Jina lenyewe la zamani, watoto wa Nairobi walikuwa wakimwita hivyo anayejifanya mbabe. Rafiki yangu wa Nairobi alinitumia asubuhi. Kufika saa nne nilikuwa nimeshaituma kwa ofisi nzima, nikabonyeza lile neno "wote", na "wote" likamjumuisha mkurugenzi. Intaneti ya ofisi ikakata roho. Niliitwa, nikaulizwa Makmende ni nani na anahusikaje na bajeti ya robo mwaka. Nilipokea onyo kwa maandishi, nami sikujuta hata chembe, kwa sababu wiki iliyofuata mtaa mzima ulikuwa unamtaja Makmende na mimi nilikuwa napita katikati ya meza nikisema, "Aa, wale? Wale mbona nawajua zamani." Nilikuwa nawajua kwa siku nane.

Kwa hiyo ugonjwa naufahamu kutoka ndani. Ndiyo maana nauogopa.

Siku hizi hata kuuliza jina la wimbo hakuna tena. Binti yangu anainua simu hewani ndani ya daladala, simu inasikiliza, inamjibu. Huko Uingereza walianza mwaka 2002: ulikuwa unapiga namba 2580, unaielekeza simu kwenye spika, inakata yenyewe, kisha unaletewa ujumbe wenye jina la wimbo. Mwaka huo sisi tulikuwa tunamuuliza konda. "Konda, huu wimbo wa nani?" Konda anageuka, anasikiliza kwa makini, anajibu: "Wa dereva."

Sasa nifike ukutani.

Nakaa Mabibo. Nyumba yangu na ya nyuma tunachangia ukuta, na katika chumba cha uani cha hiyo nyumba ya nyuma kuna vijana watatu, kompyuta moja na spika ambazo sijui ziliingiaje mlangoni. Wanatengeneza singeli. Msomaji wa Dar sihitaji kukueleza. Wa mbali nikueleze hivi: siku ya kliniki mapigo ya moyo wangu yalipimwa yakawa 78 kwa dakika, nesi akasema safi. Singeli inaanzia 200, ikichangamka inagonga 300. Hakuna kiungo katika mwili wa binadamu kinachofanya kazi kwa mwendo huo isipokuwa kope za mtu anayedaiwa.

Vijana wenyewe ni wema. "Shikamoo mzee," asubuhi na jioni. Lakini kazi yao inaanza nikivua viatu. Nimewahi kuandika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kurasa mbili, nakala kwa mjumbe. Mwenyekiti aliisoma yote, akakunja, akaniambia, "Mzee wangu, mmoja wao ni mtoto wa mjumbe."

Historia ya singeli ninaijua kwa sababu nimeishi ndani yake, kwa lazima. Kwanza walikuwepo Wazaramo na mchiriku wao, vile vinanda vidogo vya Casio vikipitishwa kwenye spika za honi mpaka sauti inatoka na kutu. Jagwa Music wa mchiriku walitoa albamu Ubelgiji mwaka 2012, na mimi niliwahi kuwakimbia hapa hapa mjini bila kulipa hata nauli. Kisha zikaja ngoma za kukesha, vigodoro, na madijei wa uswahilini wakagundua kwamba ukichukua kile kipande cha taarab cha mwisho, kile cha kutunza pesa, ukakiharakisha, ukamweka kijana juu yake anayesema kama anafukuzwa, watu hawarudi nyumbani. Usiku mmoja ukuta ulikuwa unacheza kitu nikahisi nakifahamu. Nikatega sikio. Ilikuwa taarab, tena ya aina ile iliyopigwa kwenye harusi yangu, ila sasa ilikuwa kama inakimbilia boti ya Zanzibar.

Maneno ya singeli, sikatai, yamenifurahisha mara moja moja. Msaga Sumu mtu hawezi kumnunia muda mrefu. Mwaka 2016 Man Fongo alipotoka na Hainaga Ushemeji, mama watoto aliiimba akiwa anasonga ugali, na mashemeji zangu walikuwa sebuleni. Sisi huku tunafuata maneno. Nani kamsema nani, nani kaiba mume, nani hana nauli. Kasi tunaivumilia tu kama vumbi la barabara ya kwenda kwa mtu tunayempenda.

Sasa fikiria niko kitandani, saa tano na nusu usiku, mto juu ya kichwa, ukuta unatetemeka, picha ya marehemu baba imeshaelekea upande. Simu ikatikisika. "ANKO, NIMEGUNDUA KITU CHA HATARI. Sikiliza hii. Inaitwa singeli."

Nilikaa kitandani.

Shule ya msingi tulifundishwa kwamba mlima Kilimanjaro uligunduliwa mwaka 1848 na mmishonari wa Kijerumani, Johannes Rebmann. Nakumbuka kijana mmoja wa Kichaga darasani alinyoosha mkono akauliza babu zake walikuwa wanateka maji wapi kabla ya hapo. Alichapwa. Usiku ule, na mto wangu mkononi, nilimkumbuka yule kijana.

Na kuandika aliandika, mpwa wangu! Aya nne. Akanieleza mimi, mkazi wa Mabibo, kwamba singeli ni muziki unaotoka Dar es Salaam, kwenye mitaa kama Manzese na Tandale, kwamba una kasi sana, kwamba Ulaya unachezwa kwenye kumbi za maana na watu wanasimama wakishika vichwa. Akaniorodheshea. Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, wa studio ya Sisso ya hapa hapa Dar. Mwaka 2018 akafuata Bamba Pana na Poaa, na Jay Mitta na albamu iitwayo Tatizo Pesa, ambayo kwa jina lake peke yake sina hoja ya kuipinga. Mwaka 2019 Duke akatoa Uingizaji Hewa. Hapo nilicheka peke yangu gizani, maana madirisha yangu ya nyuma yamefungwa tangu vijana walipohamia. Mwaka 2022 DJ Travella, kijana mdogo kabisa, na Mr Mixondo. Mwaka 2024 Sisso na Maiko, Singeli ya Maajabu. Yote haya yakipita juu ya kichwa changu kwenda Ulaya kama ndege zinazotua Kipawa, nami nikidhani ni kelele za jirani.

Kinachowavutia kule, nilivyomwelewa, ni ile kasi yenyewe. Maneno hawayajui. Yaani wanakula vumbi na kumwacha mchumba.

Nikamuuliza lebo yenyewe ya Kampala inaitwaje, nijue wa kulaumu. Swali hilo nililiuliza kesho yake mchana, kwa simu, na nikafanya kosa la kuweka spika ya nje kwa sababu nilikuwa namenya chungwa. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Pangani. Mwanamke wa heshima, anayesema "samahani" kabla ya kutaja kuku aliyetaga. Amekaa, kikombe mkononi, ushungi umetulia.

"Tafuta Nyege Nyege, Anko!" simu ikapiga kelele. "Nyege Nyege! Kila mtu hapa Berlin anazo!"

Nimeishi na mama watoto miaka 27. Sijawahi kusikia nyumba yangu ikiwa kimya namna ile. Hata ukuta ulinyamaza, nadhani vijana nao walikuwa wanasikiliza. Nikaanza kujieleza: mama, hilo ni jina la tamasha, linafanyika Jinja, Uganda, tangu mwaka 2015, na lebo ya kanda, na kwa Kiganda, mama, kwa Kiganda maana yake ni ule mzuka wa kucheza ngoma unaompanda mtu ghafla. Kadiri nilivyoeleza ndivyo shimo lilivyozidi kina. Waganda wenyewe walipata taabu nalo: mwaka 2018 waziri wao wa maadili alitaka kulipiga marufuku tamasha lile, likanusurika. Hilo nililitaja pia, sijui kwa nini, nilidhani litasaidia.

Mama mkwe akashusha kikombe taratibu. "Baba," akaniambia, "huyu mtoto si mlisema kaenda kusomea maji?"

Mwezi wa nane mpwa akaja likizo. Amekonda, ana ndevu za mstari, ameleta mabegi mawili. Dada yangu akaletewa sabuni. Mama watoto akaletewa chokoleti. Mimi nikapewa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa heshima ya pete ya uchumba. Nikafungua. Kanda. Kanda ya kaseti, ya plastiki, mpya, ya singeli. Bei yake aliitaja kwa yuro, nikaipeleka kwenye shilingi kichwani, ikatoka gunia la mkaa na chenji ya nazi. "Ni chache sana, Anko. Zimebaki chache duniani."

Nikaigeuza mkononi. Muziki umetengenezwa Dar, ukapelekwa Kampala, ukasafiri Ulaya ukiwa kanda, ukanunuliwa Berlin, ukapanda ndege ukarudi mpaka Mabibo, na sasa uko kwenye kiganja cha mtu ambaye ana barua ya malalamiko kwenye faili la mwenyekiti.

Mpwa aliposikia ukuta ukianza jioni ile, aliinuka kama mbwa aliyesikia bakuli. Nikamwambia nenda, ni geti la bluu. Akaenda na daftari. Nilidhani atakaa dakika kumi, akarudi saa sita usiku amenyong'onyea. Nikamuuliza wamekufukuza? Hapana. Wamemkaribisha vizuri, wamemgawia chipsi, wamemwita "kaka wa mamtoni". Kisha wakamuuliza, una flashi? Akatoa. Wakamjazia kila kitu. Nyimbo mia nne na kitu, za kwao, za wenzao, nyingine zimemalizika asubuhi ile, na ili nafasi isipotee wakamwongezea filamu mbili za Kihindi na mahubiri. Bure. Dakika tatu.

"Sasa tatizo nini, mjomba?"

Alikaa kwenye kochi akiishika ile flashi kwa ncha za vidole. "Anko, hawajaandika hata majina. Na wanampa kila mtu."

Nilimwelewa, maskini. Ametafuta kisima miaka mitatu, amekuta bomba la mtaa, tena linatoa maji.

Akarudi Berlin. Kanda ikabaki kabatini mpaka juzi, nilipoamua kutoa ile redio yangu ya kaseti ya zamani, National, iliyonisindikiza tangu bweni. Ikawaka, haikuzunguka. Nikaipeleka kwa fundi Gerezani. Akafungua, akacheka, akasema mkanda wa ndani umekuwa tambi na mkanda wa saizi hiyo hauuzwi tena. Akaingiza rababendi, ya kufungia noti, akasema jaribu hivyo hivyo, elfu tano.

Nikarudi, nikaketi uani, nikatia kanda ya mpwa, nikabonyeza.

Rababendi ilikuwa legevu. Redio ilikuwa inavuta kanda kama mzee anayevuta ng'ombe. Na singeli, ile ya 200 na zaidi, ikatoka imekaa chini. Kinanda kikawa kinapumua kati ya noti na noti. Ngoma zikawa na nafasi ya kuvaa viatu. Yule kijana aliyekuwa anasema kama anafukuzwa, sauti yake ikawa nzito, ya mtu aliyeshiba, anayesimulia bila haraka. Nikaongeza sauti kidogo. Mama watoto akatokea jikoni na mwiko mkononi, kasimama mlangoni, bega moja limeanza lenyewe. "Hii si taarab?" akauliza. "Ya lini hii? Mbona siikumbuki?"

Kichwa cha mmoja wa vijana kikachomoza juu ya ukuta. "Shikamoo mzee. Samahani mzee. Hiyo redio inaumwa."

"Marahaba. Haiumwi."

"Unaipiga taratibu mno mzee, unatuvurugia. Hatusikii tunachofanya."

Nikamwambia aandike barua kwa mwenyekiti.

Kichwa kikashuka. Tukaisikiliza upande wa kwanza wote, nikageuza, tukasikiliza wa pili, mama watoto ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha nikachukua simu, nikaiweka karibu na spika, nikarekodi dakika mbili na nusu. Nikaitafuta namba ya Berlin. Nikaandika: "Mjomba, sikiliza hii."

Jibu lilifika kabla sijaweka simu chini. "Ankooo! Hii ni nini?? Nani huyu? Mbona simjui? Imetoka wapi??"

Leo ni siku ya tatu. Amepiga mara sita. Jana nilimjibu neno moja: "Ipo."